Herminda Juu ya Jokofu la Bucha

Herminda Oyarzún wa Punta Arenas, mji wa kusini kabisa mwa dunia, ana pua nusu. Nusu nyingine ilibaki kwa daktari. Enzi zile tundu la ozoni lilipokaa juu ya mapaa yao, yeye alikuwa uani akianika ngozi za kondoo, upepo ukimgandisha masikio na jua likimla polepole asilisikie. Mwaka mmoja jua lilikaanga yai juu ya kipara cha padri, na padri mwenyewe akitetemeka kwa baridi. Usipoamini kamuulize padri, ila amekwisha kufa.

Basi hakuna kilichomtia kinyaa Herminda kama mkwewe Nolberto, fundi majokofu, mtu wa kunuka mafuta ya mashine na kujisifu. Jumapili moja ya Novemba, bendera ya kuonya ukali wa jua pale shuleni ikiwa ya zambarau, rangi ya hatari kabisa, na mjukuu Yasna amefungiwa ndani asiungue, Nolberto alileta uani jokofu kuukuu la bucha alivunje, limejaa ile gesi ya zamani iliyotoboa anga. Kando yake alikuwa amemsimika kondoo kwenye msalaba wa chuma mbele ya moto, na shemeji zake wanamkodolea macho huyo kondoo kana kwamba atahutubia.

Nolberto akashika koleo. "Nakata bomba, linapumua, kwisha."

"Mashine ya kunyonya gesi iko wapi?" Herminda akauliza.

"Kwa fundi mwenzangu Mansilla, ng'ambo ya mji. Lakini mama, tundu linaziba! Redio imesema. Pumzi moja itadhuru nini?"

"Linaziba kwa kuwa watu waliacha uchafu wao. Wewe kidonda kikianza kukauka unakitia kucha? Mfyuu!"

"Nikiifuata hiyo mashine, na kondoo wangu je?"

Hapo ndipo penye kazi. Kwao, aliyemsimika kondoo ndiye humgeuza. Kumwachia mwingine ni aibu kuliko kutoka bila suruali.

Herminda akapanda juu ya jokofu, akalibana bomba kwa magoti, akaanza kufuma soksi. Nolberto akamzunguka na koleo lake kama mbweha kwenye banda la kuku.

"Teremka, mama mkwe."

"Kata. Ila utaanza na goti."

Shemeji wakacheka mpaka mmoja akakaa chini. Nolberto akatukana upepo, akawasha gari, akaifuata mashine.

Aliporudi, gesi ikanyonywa yote ikaingia mtungini. Kondoo, kwa kuwa hakuna aliyethubutu kumgusa, upande mmoja alikuwa mkaa, upande wa pili bado anakaribia kulia. Nolberto hata hakuona haya. Akainua glasi ya divai: "Jamani, leo nimeiokoa mbingu!"

Wakampigia makofi, wajinga wale. Herminda akatema nyama, akauchukua mtungi, akauburuta kuelekea mlangoni.

"Mama, huo unakwenda nao wapi?"

"Kitandani kwangu. Kesho nitaupeleka mwenyewe kwa wanaokusanya. Nikikuachia wewe, usiku utaufungua uwaonyeshe wageni ulivyo shujaa."