Salamu ya Kusimama

Kwa mama mkwe wangu, upande wa Sengerema, mwanamke hamsalimii mkubwa akiwa amesimama. Unaweka mzigo chini, unapiga magoti, unasema shikamoo, unangoja marahaba, ndipo unainuka. Kwetu Kagera ni hivyo hivyo, kwa hiyo siwezi kusema sikufundishwa. Magoti yalipoanza kuuma niliacha, na sikumwambia mtu sababu.

Mara ya kwanza niliinama tu nusu, nimeshika ukuta, nikasema shikamoo. Marahaba ilikuja, ila ilichelewa. Safari iliyofuata marahaba ilichelewa zaidi. Baada ya hapo nikaanza kutokwenda. Nilikuwa natuma sukari, sabuni, kitenge cha sikukuu, na maneno kwamba kazi zimenibana. Kulikuwa na kivuko cha Kigongo cha kusingizia pia: kushuka kwenye gari, kutembea hadi majini, kusimama na watu, kupanda tena upande wa pili. Nikisema safari inanishinda, mume wangu alinielewa. Siku hizi kuna daraja. Gari inapita juu bila hata kusimama, na kisingizio changu kikaishia hapo.

Mimi ni fundi cherehani huku mjini, Pasiansi. Nimesoma mpaka darasa la saba, kwa hiyo maumivu haya sijui kuyaeleza kama wanavyoyaeleza hospitali. Naweza kusema tu jinsi ninavyoishi nayo. Asubuhi nakaa ukingoni mwa kitanda mpaka miguu ikubali. Cherehani ya kukanyaga niliiuza, nikanunua ya umeme. Chooni, kwa kuwa chetu ni cha kuchuchumaa, seremala alinitobolea kiti cha plastiki katikati, na nikisikia mgeni anakuja nakificha nyuma ya pipa la maji. Mgongo nao una siku zake. Wateja wananiita Bonge. Wengi wao wananiita kwa upendo, nasema kweli, na mimi nacheka. Kuna mmoja huwa anasema, "Bonge wetu, mume anakutunza wewe!" Kwa miaka mingi mwili wangu ulihesabiwa kuwa sifa ya mume wangu, na hata mimi niliufurahia. Sijui nilitakiwa kuanza kuuogopa lini.

Daktari wa mifupa alisema goti haliwezi kubadilishwa nikiwa na uzito huu, halitadumu. Akanipeleka kwa daktari wa upasuaji wa kupunguza tumbo la chakula. Huyo alinieleza polepole na hakunidanganya. Alisema, "Mzigo utapungua. Maumivu sikuahidi kwamba yataisha, magoti yalishalika." Nilimheshimu kwa hilo, ingawa nilitoka nje nikalia. Kulikuwa na masharti. Nipungue kwanza kidogo kwa chakula na kutembea. Niache vile vidonge vya maumivu nilivyozoea kununua duka la dawa, maana vinachubua tumbo. Dawa nyingine aliyonipa ni laini, haifiki kwenye goti langu, au labda mimi ndiye nimezoea kali. Na sharti la mwisho: nije na ndugu atakayekaa na mimi nyumbani baada ya upasuaji, naye afundishwe. Bila huyo hawapangi siku.

Mume wangu ni dereva wa lori, yuko barabarani muda mwingi. Mama yangu ni marehemu. Dada zangu wako Bukoba, kila mmoja ana mgonjwa wake. Nilipompigia mume wangu simu alisema, "Mwambie mama." Nikamwambia, mwambie wewe. Akasema, "Hili ni la kina mama. Kupasuliwa amua mwenyewe, ila nenda kamwone." Sikupenda, lakini nikimfikiria naye, angeanzia wapi kumweleza mama yake mambo ya tumbo langu kwenye simu?

Nikaenda. Njia nzima nilikuwa najiambia kwamba jambo kubwa hivi huliombi ukiwa umesimama. Nilipofika mlangoni mama alikuwa anachambua maharage, amekaa kwenye kigoda. Aliniona, akarudisha macho kwenye ungo. Niliweka mfuko chini. Nikashika fremu ya mlango, nikapeleka goti la kulia, kisha la kushoto. Vidonge nilikuwa nimeshaviacha, kwa hiyo nilisikia kila kitu.

"Shikamoo, mama."

Aliinua uso. "Marahaba, mwanangu. Marahaba." Mara mbili.

Kisha akangoja niinuke. Kuku akapita katikati yetu. Mama akasema, "Haya, inuka, uingie ndani."

"Siwezi, mama."

Alidhani ni utani. "Umepiga magoti leo mpaka umeyapenda?"

"Siwezi kuinuka. Kweli."

Akataka kuwaita vijana wa jirani waje kuninyanyua. Nilimsihi asiwaite. Alinivuta mkono, akaona hanimudu, akaleta kigoda nikiegemee, hakikusaidia. Mwisho akakaa chini sakafuni pamoja na mimi, nikanyoosha miguu polepole. Akafunua kitenge changu bila kuniuliza, akayatazama magoti yalivyovimba.

"Toka lini?"

"Toka mtoto wa mwisho aanze shule."

"Na wewe unanitumia sukari."

Nilivuta kitenge nifunike magoti.

"Mimi nilisema, huyu amekaa mjini, amenenepa, anajiona. Ananipa sukari ili asije kunipigia magoti. Nimewaambia watu hivyo. Ungesema!"

"Niliona aibu, mama. Wewe na umri wako bado unalima."

"Nalima, ndiyo. Kwani wewe umewahi kuniuliza kama mgongo hauumi?"

Sikuwahi. Hilo ni la kweli na ninaliandika lilivyo.

Tukiwa hapo hapo chini nikamweleza habari ya upasuaji. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Hilo tumbo lina ugonjwa?"

"Halina."

"Sasa tumbo zima wanalikata la nini? Si wakate hilo goti?"

Sikucheka, kwa sababu hata mimi daktari nilimuuliza hivyo hivyo. Nikamjibu nilivyojibiwa. Hakuridhika. Akasema nikikonda ghafla watu watasema nina ule ugonjwa, na yeye ndiye atakayeulizwa kisimani. Akasema anamjua mama mmoja alipasuliwa akabaki hajielewi. Akauliza, "Mwanangu amekubali?"

"Amesema niamue mwenyewe."

"Huyo naye! Kila kitu, uamue." Akapangusa maharage yaliyomwagika. "Nitakuja niwasikie hao madaktari. Sijakubali. Nakuja kusikia."

Akaja wiki iliyofuata, na mfuko wa michembe, viazi vitamu alivyovikata na kuvianika mwenyewe, vikakauka kama mbao. Alisema ndivyo vitakavyonirudishia nguvu nikishapasuliwa, na karanga za kutwangia alikuwa nazo tayari. Sikuwa na moyo wa kumwambia kwamba sitaweza kuvila.

Hospitali tulipokelewa na muuguzi wa mambo ya lishe. Alitoa kikombe kidogo, akamwekea mama mkononi. "Bibi, huu ndio mlo wake wa mwanzo. Na ni majimaji tu, tena atakunywa kidogo kidogo."

Mama alikigeuza kile kikombe. "Hiki si cha dawa ya mtoto?"

"Ndicho kipimo chake."

"Na akisikia njaa?"

"Wengi hawasikii sana siku za kwanza. Akizidisha atatapika, na mshono unaweza kupata shida. Ndiyo maana tunakuhitaji wewe. Kazi yako kubwa ni kutomlazimisha kula."

Muuguzi alisema kwa upole, simlaumu. Lakini nilimwona mama alivyobadilika. Huyu ni mwanamke ambaye mgeni hatoki kwake bila kula, hata kama mgeni amekuja kudai. Nilipojifungua alikaa na mimi, na kila nikiweka bakuli chini alikuwa anainama kutazama kama nimemaliza. Sehemu ya uzito huu ni mkono wake. Sisemi ni kosa lake. Alinipa kwa moyo, na mimi ndiye niliyekula.

Tulipotoka tulikaa kwenye benchi nje. Mama akasema, "Nimeuguza watu wengi, wengine wakapona, wengine nikawazika. Hakuna aliyewahi kuniambia kazi yangu ni kunyima."

"Mama, ukiona huwezi, nitaelewa."

"Sijasema siwezi. Nimesema hakuna aliyewahi kuniambia." Akageuka akanitazama. "Na ukifa?"

"Naweza kufa, mama. Wameniambia wazi. Si wengi, lakini hutokea."

"Na usipopasuliwa?"

"Nitaendelea hivi. Siku moja nitakwama chini na hakuna mtu ndani."

Alirudi ndani mwenyewe kumtafuta muuguzi, mimi nikabaki na mikoba. Aliporudi alisema wameandika kwamba ni yeye atakayekaa na mimi, na kwamba watatupigia simu kutupa siku. Akaongeza, "Wamesikia kutoka kwangu kwamba sikubaliani." Nadhani kweli aliwaambia.

Jioni, nyumbani kwangu, alipika ugali na sato wa nazi. Sikutegemea, lakini alinipimia wangu kwenye sahani ya kikombe cha chai, akaniwekea mbele, akageuka ukutani akala wake akiwa amenipa mgongo. Nilitafuna polepole nilivyofundishwa. Njaa niliyolala nayo ilikuwa kubwa, na goti lilikuwa linapwita. Nilifikiri labda ninamsumbua mzee wa watu kwa jambo ambalo mwanamke mwenye nia ngumu angelimaliza kwa kuacha tu kula. Daktari amesema si hivyo. Mchana namwamini.

Asubuhi nilitoka chumbani nimeshika ukuta. Mama alikuwa ameshakaa mlangoni kwenye kigoda, mfuko wa michembe uko miguuni pake, anaufunga upya kwa kamba. Nikaanza kuinama.

"Acha," alisema. "Nisalimie hapo hapo ulipo."

"Shikamoo, mama."

Alimaliza kwanza kufunga fundo. Ikachelewa, kama zile za zamani, na moyo wangu ukarudi kule kule.

"Marahaba," akasema, bila kuniangalia. Kisha akausukuma mfuko nyuma ya mlango, mbali na jiko.