Mukono ya mama juu ya sahani

Bandugu, leo nimekula bukari, ugali yetu, na vumbi, na siwezi kukasirika.

Nilipeleka batoto bangu babili kwa mama yangu kule Musonoi, mu nyumba ile nilikulia.

Tukakaa ku meza. Mama akaanza kusali.
Na sala ya mama! Anapitiaka kwanza kwa bagonjwa bote ba kanisa, bukari inapoa.

Pale sirene ya karieri, shimo ya madini pembeni ya nyumba, ikalia.

Batu ba Musonoi munajua: sirene ikilia, baruti inapasuka, nyumba inatikisika, vumbi ya plafond, dari ya nyumba, inashuka mu chakula.
Mi nilishasahau. Niko naishi mbali na mashimo.

Mama hakufungua macho. Alinyoosha tu mikono yote mibili, akafunika sahani za batoto, akaendelea kusali.

Bum!

Batoto bakapiga kelele. Vumbi ikajaa mu sombe yangu, ile mboga ya majani ya muhogo.
Mu roho nikasema: mama, na mi? Zamani ile mukono ilikuwa yangu!

Akasema "Amina."
Nikaangalia sahani yake.

Vumbi tupu.

Akapuliza kidogo. "Kula, mwana yangu, inapoa."

Tangu utoto naimbaka mu kanisa kwamba Yesu alinifunika. Nafurahiaka kufunikwa, basi. Sikuulizaka hata siku moja nini ilimuangukia Yeye.

Na mama? Mu utoto, wakati wa sala nilikuwa nafungaka macho muzuri sana, kama alivyonifundisha. Ni kwa sababu ya ile sikuonaka sahani yake.

Muniambie na nyinyi: sahani ya mama yenu, nani alikuwa anaifunika?