Koti Juu ya Kibao

Majani mabichi ya chai yakirundikwa guniani hutoa harufu ya nyasi iliyokatwa na ya mvua ambayo bado haijaamua kunyesha. Nikiipata popote, narudi darasa la tatu, nimeketi mbele ya pikapu ya mama, mitungi ya maziwa ikigongana nyuma tukishuka kwenda Roret. Mama ndiye mwanamke pekee kijijini aliyeendesha gari, nami nilimpungia mkono kila tuliyempita kama mbunge aliyechaguliwa jana.

Asubuhi moja, kwenye njia panda karibu na kituo cha kupimia majani, askari wa trafiki alitukamata kwa kutosimama penye kibao cha kusimama. Mama hakukiona. Jua likichomoza baada ya mvua, watu walizoea kuanika makoti juu ya kibao kile, na siku hiyo lilining'inia koti. Askari hakutaka hadithi. Baba, ambaye hakuwahi kuizoea pikapu ile mikononi mwa mkewe, alisema mama akishindwa kesi ufunguo unarudi kwake yeye. Wanaume wa sokoni walimuunga mkono kwa vicheko. Mimi nilianza kukililia kiti changu mapema.

Karatasi ya mashtaka ilipokuja, mjomba Kipkoech, kaka yake mama, aliisoma na kupiga makofi. "Wameshtaki mwanaume mwenye trekta! Dada, wewe ni mwanaume? Uko na trekta? Nyamaza tu, kesi itaanguka yenyewe."

"Halafu sokoni watasema nilitoroka kwa mlango ya nyuma," mama akajibu. "Mimi nataka isemwe sikukosa."

Kwa hiyo mahakamani Kericho, mashtaka yaliposomwa, mama aliinua mkono. "Mheshimiwa, mimi si mwanaume, na ile si trekta. Lakini aliyepita hapo ni mimi." Mjomba alijifunika uso kwa kofia. Karatasi ikasahihishwa, mama akakana kosa, na askari akaeleza alivyomwona akipita bila kusimama. Zamu ya mama ya kuuliza ikafika.

"Afande, hiyo kibao ilikuwa inaonekana?"

Askari alimtazama mwanamke aliyekuwa amekataa kutoroka, kisha akatazama viatu vyake mwenyewe. "Ilikuwa na koti."

"Koti ya nani?" hakimu akauliza.

"Yangu, mheshimiwa. Ilikuwa imelowa."

Hakimu aliinama chini ya meza kutafuta kitu, akakitafuta sana, mabega yakimtikisika. Alipoinuka alifuta mashtaka. Jioni hiyo baba alikohoa mara kadhaa, kisha akauliza kwa adabu ambayo sikuwahi kuisikia kwake: "Mama Chebet, kesho utanibeba mpaka sokoni?" Alibebwa, ila nyuma, pamoja na mitungi. Mbele palikuwa pangu.

Mwezi uliopita simu yangu iliniletea notisi ya mwendo kasi ulionaswa na kamera karibu na Chepseon. Gari, walisema, ni lori. Mimi naendesha kigari ambacho lori lolote hukipita mlimani likipiga honi ya huruma. Rafiki yangu wakili alinishauri ninyamaze. Nikawaandikia kwamba si lori, ila mwenye gari ni mimi na barabara ni hiyohiyo. Lakini nilikuwa nyuma ya trekta la chai, na nyuma ya trekta la chai hakuna anayekimbia. Hawajajibu. Kamera haina viatu vya kutazama ikibanwa na swali.

Nilimpigia mama, ambaye siku hizi huendeshwa na wajukuu na kuwakosoa njia nzima.

"Umewaambia si lori?"

"Nimewaambia."

"Na kwamba ni wewe?"

"Hata hiyo."

"Basi kuja unichukue. Hawa watoto hawajui gia."