Pakiti za Siku Ishirini na Nne

Ijumaa ile fundi alibadilisha betri ya printa yetu, ile inayopiga tarehe na namba chini ya pakiti za majani chai, na mipangilio yote ikafutika. Nikairudisha mwenyewe. Nilikuwa nimeendesha mashine hiyo miaka mitatu kwenye kiwanda kidogo cha kupakia chai karibu na Sosiot, na sikuona haja ya kuita mtu. Nikaweka saa, nikaweka tarehe ya siku hiyo, nikairudisha kaunta, ile inayohesabu pakiti, ianze na moja. Kwenye muda wa kuisha nikaandika 24, kwa kuwa chai yetu hukaa miezi ishirini na nne. Mkanda ukaanza kukimbia.

Jumamosi lori likapakia, likaenda.

Jumapili kanisani, katikati ya mahubiri, nikashtuka. Kando ya ile 24 kuna sehemu ya kuchagua: siku, wiki au mwezi. Sikukumbuka kuigusa. Nilifumba macho kama anayeomba, nikijaribu kuona kidole changu kikibonyeza. Sikukiona.

Nyumbani ugali ulinishikia kwenye sufuria. Nikatoka kuanua nguo, nikazikuta bado mbichi, nikaziacha. Nikarudi ndani, nikatoka tena. Mume wangu akapunguza sauti ya redio.

"Mama Toto, leo umekalia miiba?"

Nikamweleza.

"Si ungoje kesho ukaangalie mashine?"

"Kesho ni mbali," nikasema, na tayari nilikuwa navaa viatu.

Nilitembea hadi sokoni, nusu mbio. Duka la kwanza linalouza chai yetu ni la mama mmoja Mkikuyu ambaye amekuwa Sosiot tangu kabla sijazaliwa. Nikamwomba pakiti moja, nikaigeuza. Ilikuwa imepakiwa Ijumaa, na kuisha kwake ni mwezi huohuo tuliokuwa nao, siku ishirini na nne tu mbele.

"Kwani hiyo majani imeharibika?" akauliza, akitafuta miwani.

"Majani ni mazima, Mama. Ni mimi niliandika vibaya."

Ndiyo ilikuwa mara ya kwanza kuyasema kwa sauti. Akanisukumia stuli.

"Nimeuza mbili tu," akasema. "Moja ilichukuliwa na mwalimu wa hapa juu. Ile ingine, sijui. Alikuwa mtu wa kupita."

Nikampigia supavaisa hapohapo dukani. Nikamweleza yote.

"Kaunta ulianzisha na ngapi?"

"Moja."

"Ikafika ngapi?"

"Mia tisa na sita."

"Basi tunajua ni zipi. Kama hungeirudisha, hatungejua hata pa kuanzia." Akavuta pumzi. "Kesho kuja mapema."

Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza.

Jumatatu lori lilirudi njia ileile likikusanya pakiti, duka kwa duka mpaka Chepseon. Wanawake watatu tulikaa na vitambaa na thina ya kutolea wino, tukifuta tarehe moja baada ya nyingine, kisha nikapitisha pakiti tena kwenye mashine. Kabla ya pakiti ya kwanza nilisoma skrini kwa sauti, na wenzangu wakaja kusoma nyuma yangu. Harufu ya thina iliingia mpaka kwenye chakula changu. Kila namba iliyorudi niliikata kwenye karatasi. Mwalimu alileta yake ikiwa imefunguliwa, robo imeshanywewa, tukampa nyingine. Kufikia Jumatano zilibaki kumi na moja ambazo hazikurudi, na hazikurudi kamwe.

Siku ya ishirini na nne ilipofika nilikuwa kazini kama kawaida, ila sikuweza kutulia. Niliinuka kwenye kiti mara nyingi bila sababu. Akilini nilimwona mtu fulani jikoni kwake akigeuza pakiti, akisoma, akimwaga chai nzima shambani. Au labda alikunywa tu bila kusoma chochote. Sikupata kujua.