Kitabu Alichokipitisha Jaji

Katika maktaba ile, kitabu kipya cha watoto hakikupanda rafuni mpaka kwanza kipitie kwa mtoto. Wakubwa wangekisifu mpaka mate yawakauke. Mtoto akipiga miayo, kilirudishwa kilikotoka. Mama aliyependekeza vitabu vya watoto na vijana alimtegemea mtoto wa kaka yake, binti aliyemlea tangu ananyonya. Wenzake kazini walimwita Jaji, maana hakuwa na huruma. Kitabu kimoja cha sungura alikikataa, akasema sungura mwenyewe anahubiri mno.

Kisha Jaji akaugua ugonjwa wa damu, akalazwa. Shangazi yake akampelekea wodini kitabu kipya, kinene, habari za binti mgonjwa. Haraka ilimponza, hakukipitia kwanza. Mtoto hakuwa tena na nguvu ya kukishika, basi shangazi akawa anamsomea kila saa ya kuona wagonjwa. Siku moja jicho lake likatangulia mistari, akaona binti wa kitabuni anakufa. Halafu akapindua ukurasa, akaendelea kusoma maneno ambayo hayakuwepo: binti akapata nafuu, akarudi shule, akamchekesha mwalimu mpaka kipindi kikavunjika.

Jaji alicheka mpaka muuguzi akaja kuchungulia.

"Hiki kinapita, shangazi," alisema. "Niahidi utakiweka."

Akaahidi. Wiki haikuisha, Mungu akamchukua mja wake.

Kikao cha kuchagua vitabu kilipofika, mkuu wa maktaba alitaka kumpunguzia mzigo, akasema hicho wakiruke. Mama akakataa. Akawaeleza kwamba kimeandikwa vizuri, hakidanganyi, na wapo watoto waliofiwa ambao kitawashika mkono. Mzee wa magazeti, aliyesimamia chumba cha magazeti pale maktaba na aliyekuwa mtani mkubwa wa Jaji, akauliza taratibu, kama walivyozoea kila kikao:

"Na Jaji alisemaje?"

Hapo mama akabanwa. Angejibu kwamba kimepita, ahadi ingetimia. Lakini angekuwa amemsingizia marehemu.

"Alikipitisha," alisema, "ila si hiki. Alichokipitisha nilimtungia mimi pale kitandani. Humo binti alipona."

Mkuu akasema kwa sauti ndogo kwamba kinunuliwe. Mama alikuwa amekipakata. Walipotaka kukipiga muhuri wa maktaba, mzee wa magazeti akawaambia wamwache nacho kwanza, muhuri haukimbii.