Breki Hazikuwa na Ugonjwa

Saa tatu asubuhi, Kipawa, na fundi Albano Mkwera ameshakasirika. Amelala chali chini ya lori la mchanga la mwaka 1994, mgongo juu ya kipande cha boksi, anaongea peke yake kwa sauti ambayo muuza vipuri wa jirani anaisikia vizuri tu.

"Viatu vya breki vipya. Masta silinda mpya. Mafuta ya breki mapya. Sasa mie nibadilishe nini, barabara?"

Lori hili limerudi kwake mara ya tatu ndani ya wiki mbili. Malalamiko ni yale yale: pedali ya breki inakuwa ngumu kama jiwe, dereva anakanyaga kwa nguvu zake zote, gari linaendelea kwenda. Jumamosi iliyopita, kwenye mteremko wa Pugu, lilisimama baada ya kuparamia tuta la udongo karibu na kijiwe cha bodaboda. Watu walitawanyika, hakuna aliyeumia. Bahati ya namna hiyo haiji kila wiki.

Albano, 51, alitoka Masasi akiwa kijana, na breki za malori amezishika kwa miaka 27. Siku nzuri anarudi nyumbani na Sh30,000. Siku kama ya leo harudi na kitu, kwa sababu kazi iliyorudi hailipwi.

Lakini si hilo linalomkera zaidi. Mwaka 2015, akiwa ameajiriwa gereji nyingine, alikubali kuachia gari ambalo hakuridhika nalo, kisa mwenye gari alikuwa anapiga simu kila baada ya dakika tano. Gari lile lilimgonga mama muuza vitumbua. Mama alipona, ila mguu mmoja haukupona.

"Nilikaa mahabusu siku mbili. Hizo nimesahau," anasema. "Ule mguu sijausahau."

Anatoka chini ya gari, anafuta mikono, anapanda kwenye kiti cha dereva. Injini ikiwa imezimwa, anakanyaga pedali mara tano mpaka inagoma. Anaikandamiza hivyo hivyo, kisha anawasha. Pedali inashuka taratibu chini ya mguu wake.

"Umeona?" anamwuliza mwandishi wa makala haya. "Injini ikiwaka, inanyonya hewa kwenye lile pipa, tunaliita busta. Busta ndiyo inausaidia mguu. Hapa inasaidia. Busta nzima, pampu yake nzima, mpira hauvuji. Halafu mtu ananiambia pedali ngumu."

"Kwa hiyo mie naongopa, fundi?" anauliza Nassibu, dereva wa lori, aliyekaa juu ya tairi kuukuu akichezea simu.

"Sijasema unaongopa. Nasema sielewi, na mie sipendi kutoelewa."

Simu inaita. Ni Mama Kamugisha wa Goba, mwalimu mstaafu, mwenye lori.

"Shikamoo mama. Hapana, bado. Mama, siliachii."

Sauti ya upande wa pili inafika mpaka kwa muuza vipuri. Mama analalamika kwamba ametumia karibu laki nane. Kama fundi hajui kazi aseme, mafundi wamejaa mjini.

"Wapo, mama," anajibu Albano kwa upole unaoonekana kumgharimu. "Ila leo haliondoki mpaka nilipande mwenyewe."

Na analipanda. Nassibu anashika usukani, mwandishi anabanwa katikati yao, na safari inaelekea Pugu. Njia nzima breki zinashika. Albano amenuna.

Tunageuzia juu ya kilima. Mteremko unapoanza, mkono wa Nassibu unakwenda wenyewe kwenye swichi. Anaweka gia huru, anazima injini, anarudisha ufunguo kidogo ili usukani usijifunge. Amefanya hivyo huku akiongelea mpira wa jana.

Anakanyaga breki mara ya kwanza, gari linapungua mwendo. Ya pili, linapungua kidogo. Ya tatu, mguu ni kama umegonga jiwe.

"Washa!"

Injini inashika, pedali inalainika, lori linasimama pembeni. Albano anamgeukia dereva.

"Unazimaga kila siku?"

"Madereva wa mchanga wengi tunazima, fundi. Mteremko wote huu unashuka bure."

"Mbona hukuniambia?"

"Hukuniuliza."

Jamani. Wiki mbili, vipuri vya laki nane, na jibu ndilo hilo.

"Nimefungua haya matairi mara tatu," anasema Albano. "Mficha maradhi, kifo humuumbua. Wewe maradhi yako ulitaka yatuumbue wote."

Nassibu anakiri kwamba anapewa lita 20 za mafuta kwa safari tatu, wakati safari hizo zinataka 24. Zinazopungua anajazia kwa pesa yake mwenyewe.

"Usimwambie mama, fundi. Atanifukuza."

"Siahidi kitu," anasema Albano.

Saa nane mchana Mama Kamugisha anashuka kwenye bajaji, mkoba kwapani, tayari kwa ugomvi. Albano anamwamkia, kisha anamwomba apande kwenye kiti cha dereva na akanyage breki, injini ikiwa imezimwa. Anakanyaga mara moja, mara mbili. Mara ya tatu anaweka miguu yote miwili.

"Mbona haiendi?"

"Hivyo ndivyo Nassibu anavyoshukaga Pugu, mama, na tani tatu za mchanga mgongoni. Anazima injini, maana mafuta unayompa hayatoshi. Zinapungua lita nne."

Mama anamgeukia dereva wake. "Kweli?"

"Kweli, mama."

Anabaki ameshika usukani. "Ningemwambia nini mkeo," anamwambia Nassibu. Kabla hajaondoka, ametamka mbele ya wote kwamba kuanzia kesho ni lita 25, na Nassibu akizima tena, hana kazi.

Albano sasa ana mpango. Jumapili ijayo anataka kuwaita madereva wa mchanga wa njia ya Pugu, pamoja na wenye magari yao, waje gereji.

"Siwafundishi ufundi. Nataka kila mmoja aikanyage pedali ikiwa imekufa, na bosi wake aikanyage pia. Wakitoka hapo wakaenda kuzima tena, shauri yao."

Anakusanya spana zake, anaziacha tena.

"Hapana. Siyo shauri yao. Chini ya ule mteremko kuna watu."