Kichwa cha Mama cha Plastiki

Baba yangu mdogo ana duka la pembejeo Singida mjini, na tangu baba afariki amejipa kazi ya kuiamulia familia yetu kila kitu, isipokuwa mambo yanayotaka jasho. Namsalimia kwa sababu nililelewa hivyo. Zaidi ya hapo sina heshima ya kumpa.

Mama alipoanza kuangukaanguka shambani kwetu Sepuka, yeye alisema ni mapepo. Mdomo wa mama ulipokwenda upande, akasema ni uzee. Nikampeleka mama hospitali Dodoma mimi mwenyewe. Walimpiga picha za kichwa, wakakuta uvimbe kwenye ubongo.

Siku ya kuelezwa upasuaji, baba mdogo naye alifika, kavaa suti, akakalia kiti kilichokuwa karibu zaidi na daktari. Mezani palikuwa na kichwa cha plastiki kilichofunuliwa upande mmoja. Ubongo ulikuwa wa kijivu, mishipa ya damu myekundu, uvimbe wa bluu.

"Mama, hiki ni kichwa chako," daktari alisema. "Mashine imekichapa kwa plastiki kwa kufuata zile picha tulizokupiga. Nakitumia kupanga pa kupitia kabla sijakugusa."

Baba mdogo akacheka. "Sasa huyu mwanasesere ndiye mtakayemwekea mgonjwa kichwani?"

"Hapana, mzee. Ni wa kufanyia mazoezi."

"Kumbe kazi bado unajifunza." Akanigeukia, akingoja nami nicheke. Mtu aliyemwita mgonjwa mwenye mapepo sasa alikuwa anamsahihisha daktari wa ubongo.

Mama alikivuta kile kichwa, akakipakata, akapitisha kidole polepole juu ya ule uvimbe.

"Huu mshipa umepita hapa hapa. Ukikatika?"

"Mkono wa kushoto unaweza kupooza, au tukupoteze kabisa," daktari alijibu. "Nilipanga kuingilia mbele. Nilipojaribu kwenye hiki nikaona nitaugonga. Nitaingilia nyuma."

"Shemeji," baba mdogo akaanza, "turudi nyumbani tukashauriane kwanza."

"Shemeji, wewe kichwa changu hujakiona. Huyu amekiona. Nyamaza." Kisha mama akaniambia kwa Kinyaturu nimletee maji ya kunywa, kwa sauti ile ile anayoitumia jikoni.

Alipasuliwa, akaamka, akanitambua. Vidole vya mkono wa kushoto vikawa vizito, na hadi leo havifungi kifungo cha gauni.

Baba mdogo, ambaye siku ya upasuaji hakuonekana, alikuja baadaye kumwomba daktari amruhusu kupiga picha akiwa na kile kichwa. Ameiweka kwenye simu. Dukani anawaeleza wateja jinsi yeye na daktari walivyopanga njia ya kupitia, na anasema "sisi" bila aibu yoyote. Nilimsikia kwa masikio yangu nilipokwenda kununua mbegu, nikageuka nikazinunua kwenye duka la jirani.

Nilipomsimulia mama, hakukasirika. Alikuwa anapepeta alizeti, ungo kaukumbatia kwa mkono wa kulia. "Muache," alisema. "Hana kingine cha kusimulia."